Saa ya babu imeacha kuwaka

Wadau, nimetoka Muleba juzi. Katika sanduku la marehemu babu nimekuta saa yake ya mkono, ya miaka ya hamsini. Shangazi anasema namba zake zilikuwa zinawaka usiku, huhitaji koroboi. Siku hizi giza tupu. Nikaipeleka kwa fundi saa Bukoba mjini.

"Mwanangu, hii siifungui."

"Kwa nini, waitu?"

"Rangi yake mbaya."

Basi nikaanza kuchimba. Rangi ile ni radiamu iliyochanganywa na zinki salfaidi. Radiamu hutoa mionzi mchana na usiku, na mionzi ikiigonga zinki unatoka mmweko mdogo. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza walizipenda saa hizi, maana kuwasha kiberiti mbele ya adui ni kujiitia risasi. Ndiyo vita iliyofika Bukoba Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu na kuuangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani.

Mwaka huo huo, kwa jirani zetu Kongo, Mwingereza Robert Sharp aligundua madini ya Shinkolobwe, Katanga. Waafrika wakachimba, Wabelgiji wakasafisha kwao Olen kuanzia 1922, bei ya radiamu ikaporomoka na soko la dunia likawa lao kwa takriban miaka kumi. Urani iliyobaki ilionekana kama makapi tu! Mwaka 1945 urani ya Shinkolobwe ikaishia kwenye bomu la Hiroshima.

Huko Marekani, wasichana waliopaka namba za saa walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zikaoza, wengine wakafa. Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni huko New Jersey, wakapata fidia mwaka 1928. Fryer alifariki 1933.

Saa nyingi za leo zinatumia unga uliobuniwa Japani mwaka 1993. Unashiba mwanga wa taa, kisha unautoa gizani. Hauna mionzi.

Na ya babu? Kilichochoka ni zinki. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo iko palepale, na vumbi lake ukilivuta limeingia mwilini. Fundi alikuwa sahihi kabisa. Nimeirudisha Muleba bila kufunguliwa, ndani ya kopo, mbali na watoto.

Shangazi bado ananiuliza itawaka lini.