Chili bila maharage: nani aliamua?

Najua nimekuwa kimya, mitihani ya nusu muhula ilitubana vibaya. Leo nimepata nafasi, basi tuongelee chakula, ila kwa jicho la historia maana ndiyo fani yangu.

Nazungumzia chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa kule Texas, Marekani. Jina lake kamili ni chili con carne, yaani pilipili na nyama kwa Kihispania. Jaribu kutafuta namna ya kuupika uone watu wanavyogombana. Eti ukitia maharage hiyo siyo chili. Ukitia nyanya umeharibu. Kila mmoja anasema anatetea ile ya "asili", na mimi nikisikia neno asili masikio yananisimama. Asili ya lini? Ya nani?

Twende San Antonio, Texas, miaka ya 1880. Jua likizama, akina mama wenye asili ya Mexico walikuwa wanafika kwenye uwanja ulioitwa Military Plaza na vyungu vya chili walivyokwisha pika nyumbani, wanapanga meza na mabenchi, wanawasha taa, wanakoka moto wa kuni ili chakula kisipoe. Askari, wachunga ng'ombe na wageni wa mji wote walikula hapo. Watu waliwapachika jina la malkia wa chili. Kwa kifupi, ni mama ntilie wa usiku. Umaarufu ulifika mbali, kwani mwaka 1893 kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago kulikuwa na kibanda cha chili ya San Antonio.

Sasa pilipili. Zao hili lina msimu wake, na mbichi haikai. William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa na biashara yake New Braunfels, si mbali na San Antonio, aliona tatizo hilo. Akawa ananunua pilipili aina ya ancho kutoka Mexico, anazikausha na kuzisaga, na katika miaka ya 1890 akaanza kuuza unga wake kwenye chupa. Hapo ndipo mama wa nyumbani wa kaskazini, ambaye hajawahi kuiona ancho kwa macho, akaweza kupika chili mwezi wowote. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya chakula hiki, kubwa kuliko maharage, na cha ajabu hao watetezi wa asili hawalilalamikii. Wengi wao wanatumia unga huo huo!

(Hapa niseme jambo kwa wanaopika hosteli. Unga wa chili wa Kimarekani siyo pilipili ya unga ya kwetu. Wao huchanganya pilipili isiyo kali sana na binzari nyembamba, kitunguu saumu na oregano. Kwa hiyo maelekezo yakisema vijiko viwili vikubwa, usithubutu kutia vijiko viwili vya pilipili yetu, mtakimbizana kutafuta maziwa. Tia robo kijiko cha chai, ongeza binzari na kitunguu saumu, onja.)

Na wale akina mama waliishia wapi? Kwanza uwanja wao ulijengwa jumba la halmashauri ya mji, wakahamishiwa viwanja vingine. Mwaka 1937 idara ya afya ikaleta kanuni mpya za usafi na wakatoweka barabarani. Meya Maury Maverick akawarudisha mwaka 1939, lakini miaka ya 1940 ilipoanza wakaondolewa tena. Sisemi usafi si muhimu. Ila wakati wao wanafukuzwa, unga wa chupa na chili ya kopo vilikuwa vinauzwa nchi nzima. Chakula kilibaki, waliokifanya kijulikane wakaachwa nje. Kwenye mabishano ya viungo hilo utalisikia mara chache sana.

Sheria kali zenyewe ni za juzi tu. Mwaka 1967 H. Allen Smith, mwandishi wa vichekesho aliyeishi New York, aliandika makala akidai hakuna anayeijua chili kumzidi yeye, na chili yake ilikuwa na maharage. Watu wa Texas wakachemka. Wakamwita mashindanoni huko Terlingua, kijiji cha jangwani kilichokuwa karibu kimehamwa, apambane na Wick Fowler wa kwao. Matokeo yakawa sare, baada ya mwamuzi mmoja kudai ulimi wake umekufa ganzi. Ulikuwa utani mtupu, lakini ndiyo mbegu ya mashindano ya sasa yanayokataza maharage, wali na makaroni. Mwaka 1977 bunge la Texas likaifanya chili chakula rasmi cha jimbo. Kumbe basi sheria nyingi ni za uwanja wa mashindano, siyo za jikoni.

Jikoni mambo ni mengine. Mfano wangu ni wa nyumba ya Lyndon Johnson, mtu wa Texas haswa. Julai 1955, akiwa kiongozi wa wengi katika Seneti na umri wa miaka 46, alipata shambulio kubwa la moyo. Chili ya wakati ule ilipikwa kwa shahamu ya ng'ombe, yale mafuta magumu meupe, na wengi walisema ladha yote iko humo. Kwa agizo la daktari, mkewe Lady Bird akaiondoa. Johnson alipokuwa rais watu waliandika kwa wingi kuomba maelekezo ya chili hiyo, mpaka zikachapishwa kadi za kuwatumia. Ndani yake mna nyama, vitunguu, vitunguu saumu, oregano, binzari, unga wa chili na nyanya. Maharage hamna, shahamu hamna. Yeye mwenyewe aliipenda zaidi kwa nyama ya kulungu, ambayo haina mafuta mengi.

Mume huyo aliishi miaka 17 na nusu baada ya lile shambulio la kwanza. Moyo ulimuua Januari 1973, akiwa shambani kwake kando ya mto Pedernales, mto ambao jina lake liko kwenye zile kadi za chili.