Viti vitatu vya Shamte: chama cha tatu kilivyosagwa katika siasa za Zanzibar

Juni 1 hupita kila mwaka kimya kimya. Tarehe kama hiyo mwaka 1961 Wazanzibari walipanga foleni kupiga kura kwa mara ya pili ndani ya miezi mitano, kwa sababu uchaguzi wa Januari ulimalizika pasipo chama kilichoweza kuunda serikali. Siku hiyo hiyo ghasia zilizuka mjini, zikaingia mashamba, na zilipotulia watu 68 walikuwa wamekufa, wengi wao Waarabu. Waingereza wakaunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza yaliyotokea.

Tukiusimulia mwaka ule tunasimulia ugomvi wa vyama viwili, Hizbu (ZNP) na Afro-Shirazi (ASP). Wa tatu, Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba, yaani ZPPP, huchomekwa mwishoni kama mkia wa Hizbu. Ni dhuluma kwa historia, maana hesabu nzima ya mwaka ule ilimzunguka huyo wa tatu.

Kilizaliwa mwishoni mwa 1959 kwa mpasuko ndani ya ASP. Muhammad Shamte, mwalimu mstaafu kutoka Pemba, aliondoka pamoja na Ameri Tajo na Washirazi wengine walioona kwamba chama kimeelemea mno kwa watu wenye asili ya bara. Hizbu nako walimwona Mwarabu mwenye mashamba. Walitaka nyumba yao wenyewe, na kwa Pemba, ambako Mshirazi na Mwarabu walikuwa wameoana na kulima karafuu bega kwa bega, fikra hiyo ilikuwa na mantiki.

Ila walichagua wakati mbaya. Zilikuwa zile ambazo wazee wa Unguja na Pemba hadi leo wanaziita zama za siasa. Watu waligomea duka kwa sababu ya chama cha mwenye duka. Waligomea gari ya abiria kwa sababu ya chama cha dereva. Wakulima walifukuzwa kwenye mashamba waliyolima miaka mingi, na ndugu walisusiana harusi na maziko. Katika hali hiyo mtu anayesema “mimi si huku wala kule” haaminiki kokote. Kila upande unamhesabu kuwa ni adui aliyejificha.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Januari 17, 1961. Viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikishinda kwa kura moja tu. Kwa ghafla Shamte na wenzake wawili wakawa wameshika turufu: wakienda ASP, inakuwa na 13 na serikali, wakienda Hizbu, inakuwa na 12 na serikali. Sidhani kama kuna chama kidogo katika Afrika Mashariki kilichowahi kukaa mahali penye nguvu kama pale.

Na hapo hapo kikapasuka. Shamte na mwenzake mmoja wakaelekea Hizbu. Ali Sharif akarudi kwa ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Lau kura ile moja ya Chake Chake ingekwenda kwingine, ASP ingebaki na tisa na mkwamo usingekuwapo. Ikabidi iwekwe serikali ya mpito, jimbo moja liongezwe, na wananchi waitwe tena Juni.

Michael Lofchie, Mmarekani aliyeandika kitabu cha 1965 ambacho wengi wetu bado tunakitegemea kwa hesabu za chaguzi zile, anaonyesha kilichofuata. Hizbu na ZPPP waliacha kugombania majimbo yale yale, wakayagawana. Juni ASP ikapata 10, Hizbu 10, ZPPP tena 3, na safari hii watatu wote wakabaki pamoja. Shamte akawa Waziri Kiongozi. Chama chenye takriban asilimia 14 ya kura ndicho kilichotoa mkuu wa serikali! Wafuasi wa ASP, waliopata karibu nusu ya kura zote, hawakulisahau hilo.

Julai 1963 viti vilifika 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13. Hizbu 12, ZPPP 6. Uhuru ulipokuja Desemba 10 Shamte alikuwa Waziri Mkuu, na Januari 12, 1964 Mapinduzi yakaiondoa serikali yake. Chama kingine cha tatu, Umma cha Abdulrahman Babu aliyejitoa Hizbu, kilikuwa kimepigwa marufuku na serikali hiyo hiyo siku chache kabla. Shamte alikaa kizuizini bara kwa miaka mingi.

Lawama kwa Shamte ni nyingi na nyingine anastahiki. Lakini kijana wa skuli anapoambiwa kwamba alikuwa kibaraka tu, hafundishwi kilichombana: kila mlango aliobisha ulidai kwanza aache kuwa wa tatu.

Mlango huo haujabadilika sana. Mfumo wa vyama vingi ulipokwisha kurudi, katika uchaguzi wa 1995 wagombea urais wa Zanzibar walikuwa wawili tu, Salmin Amour wa CCM na Seif Sharif Hamad wa CUF, wakatofautiana kwa chini ya asilimia moja. Maridhiano ya 2010 yalileta amani tuliyoihitaji sana, ila hesabu yake ilikuwa ya wakubwa wawili: Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama cha pili. CUF iliposusia marudio ya uchaguzi ya Machi 2016, wanasiasa wa vyama vidogo kama Hamad Rashid Mohamed wa ADC waliitwa barazani kuwa mawaziri. Machi 2019 Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo kwa wito wa “shusha tanga, pandisha tanga”, ofisi zikapakwa rangi ya zambarau, na CUF, chama cha pili cha miaka zaidi ya 20, kikageuka kidogo mara moja. Mwaka uliofuata wagombea urais walikuwa 17. Hussein Mwinyi alipata asilimia 76, Maalim karibu 20. Kumi na watano waliobaki waligawana chini ya asilimia nne, na hakuna aliyewahitaji kuunda serikali.