Kabla ya Kilifi: Watu Waliofundisha Mashine Kujenga Ukuta

Leo tunaweka kando mambo ya simu na intaneti, twende kwenye mjengo.

Wengi mnaikumbuka ile habari ya Kilifi. Mwaka 2022 kampuni ya 14Trees ilileta pwani mashine ya kuchapisha nyumba, na nyumba 10 za kwanza za mtaa wa Mvule Gardens zikachapishwa kwa muda wa wiki 10. Mpango wote ulikuwa nyumba 52. Magazeti yaliandika kana kwamba ile mashine imedondoka kutoka mbinguni. Haikudondoka. Ina ukoo, na ukoo wenyewe una watu wa ajabu kidogo. Ngoja niwatambulishe.

Wa kwanza ni William Urschel, wa mji wa Valparaiso, jimbo la Indiana, Marekani. Huyu hakuwa mjenzi. Kampuni yake ilianza mwaka 1910 na mashine ya kukata vikonyo vya matunda madogo, ikaendelea na mashine za kukatakata mboga viwandani. Lakini miaka ya 1930 na 1940 Urschel aliunda mashine ya kujenga kuta. Ilikuwa na mkono unaozunguka nguzo iliyosimama katikati, ukilaza saruji tabaka juu ya tabaka bila mbao za kuizuia. Ukuta ulipanda wenyewe, duara juu ya duara.

Sasa nitazame kwa jicho la mtu wa programu. Mashine ya Urschel ilikuwa na programu, ila programu yenyewe ilikuwa chuma. Urefu wa mkono ndio uliosema nyumba iwe na ukubwa gani. Ukitaka umbo jingine, huna faili ya kubadilisha, unabadilisha mashine. Kompyuta haikuwepo, kwa hiyo wazo likafika hapo likasimama.

Likasimama kwa muda mrefu. Kampuni yake inajulikana hadi leo, lakini kwa kukata vyakula.

Mtu wa pili ni profesa Behrokh Khoshnevis, mzaliwa wa Iran, wa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Mwaka 1994 tetemeko la Northridge liliupiga mji huo. Khoshnevis ameeleza kwamba alipokuwa akiziba nyufa za nyumba yake kwa mwiko, alijiuliza kwa nini chombo hicho rahisi, ambacho binadamu amekishika kwa maelfu ya miaka, kisipewe roboti. Mafundi wetu wa plasta wanaelewa vizuri: mwiko mmoja mkononi mwa anayejua hutoa ukuta laini wa umbo lolote.

Basi akafanya hivyo. Njia yake aliiita Contour Crafting. Bomba linatoa udongo mzito au saruji, na pembeni mwa mdomo wa bomba kuna miko midogo inayolainisha tabaka papo hapo. Tofauti na Urschel, kompyuta ndiyo iliyoongoza bomba. Umbo sasa lilikuwa ndani ya faili. Kwa miaka mingi alizunguka akieleza kwamba nyumba nzima ingeweza kusimama ndani ya siku moja.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1997 mtafiti Joseph Pegna, naye wa Marekani, alichapisha kazi yake ya kujenga kwa tabaka za mchanga na saruji. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wakaingia na mashine yao. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mashine ambayo mkandarasi wa kawaida angeweza kuinunua na kuisimamisha kwenye kiwanja.

Hapo anaingia mtu wa tatu, Henrik Lund-Nielsen wa Denmark. Huyu ni mtu wa biashara. Kampuni yake, 3D Printhuset, ilishughulika na printa za kawaida za 3D. Yeye na wenzake walitembelea miradi ya nchi mbalimbali kuona nani amefaulu na nani anapiga domo tu, kisha mwaka 2017 wakachapisha jengo dogo la ofisi mjini Copenhagen, lisilofika meta 50 za mraba. Waliliita The BOD. Ukiacha milango na madirisha, halikuwa na ukuta ulionyooka hata mmoja. Sababu ni kwamba kwa fundi wa mawe kona ya mviringo ni kazi na gharama, lakini kwa printa ni mistari ya kodi tu.

Mwaka 2018 ikazaliwa COBOD, kampuni ya kutengeneza printa za ujenzi. Mashine yao inayoitwa BOD2 ni fremu kubwa ya chuma inayosimama juu ya kiwanja kizima, na bomba linatembea ndani yake kushoto, kulia, mbele, nyuma na juu. Waliokwisha kutumia mashine za kukata chuma kwa kompyuta hawatashangaa. Akili ni ile ile. Ramani ya nyumba inakatwa tabaka nyembamba nyembamba, kila tabaka linageuzwa njia ya kufuatwa, na mashine inafuata.

Kwa maoni yangu programu ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu iko kwenye uji wenyewe. Lazima uwe mwepesi upite bombani, na ukishatoka uwe mgumu kiasi cha kubeba tabaka linalofuata. Mashine ikisimama muda mrefu, tabaka la chini linakauka na la juu halishikani nalo vizuri. Jua kali nalo linaharakisha kukauka. Ndiyo maana kampuni za saruji ziliingia katika hadithi hii, si kampuni za kompyuta peke yake.

Na hapo ndipo tunarudi Afrika. 14Trees ilianzishwa kwa ubia wa Holcim, kampuni kubwa ya saruji ya Uswisi, na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza. Ilianza Malawi, na wala si kwa roboti. Ilitengeneza matofali ya udongo na saruji yasiyochomwa. Jina lake linatokana na miti 14 inayokadiriwa kuokolewa nyumba moja ikijengwa bila tofali la kuchoma. Mwaka 2021 ilichapisha shule huko Salima, Malawi, kuta zikamalizika kwa saa 18. Kisha Kilifi, kwa BOD2.

Saa 18! Lakini soma vizuri: kuta. Paa, mabomba ya maji, nyaya za umeme, milango, rangi, vyote bado vilisubiri mikono ya watu. Ukinunua nyumba Kenya unalipia pia ardhi, barabara ya kufika hapo na riba ya benki. Printa haigusi hata kimoja. Kwa hiyo mtu akikuambia kuchapisha kutamaliza shida ya nyumba, muulize ni sehemu gani ya bei inayopunguzwa.

Na vijana wanaobeba mawe na kuchanganya simiti je? Mimi nadhani hili ndilo swali kubwa, kuliko kasi. Printa haihitaji kundi la watu kumi na tano ukutani. Inahitaji wachache wanaojua pampu, uji na faili. Urschel, Khoshnevis na Lund-Nielsen wote walitoka nje ya kazi ya mwashi. Hakuna ubaya, lakini tuangalie: fundi anayejua ukuta kwa kuugusa ndiye wa kwanza kuona kwamba uji umekuwa mzito. Ujuzi huo haumo kwenye faili. Tukimfundisha yeye mashine, tutapata mwendeshaji bora. Tukimwacha nje, tutabaki kuagiza wataalamu pamoja na vipuri.

Walimu wa vyuo vya ufundi, mnasikia? Mitambo midogo ya kujifunzia inaweza kuundwa na vijana wetu wenyewe, kwa mota, bomba na kodi ya bure iliyojaa mtandaoni. Nami nipo, kwa upande wa programu.