Juu ya Masalio ya Mbinguni

Neno masalio twalijua sisi sote. Ni mabaki ya miili ya watakatifu, ambayo Kanisa huyaheshimu na kuyaweka katika altare. Lakini wenye elimu ya nyota nao wana masalio yao, na neno wanalotumia ni lile lile. Yako mbali mno mbinguni, wala macho hayawezi kuyaona. Yasikiwa kwa vyombo vya redio tu. Habari ya namna walivyoyapa jina hilo, wakakosa, kisha wakaona kwamba hawakukosa kabisa, yatufaa sisi tunaofundisha wengine.

Tuanze na mambo yenyewe. Jua letu ni nyota moja katika jumuiya kubwa ya nyota iitwayo galaksi. Galaksi nazo hukusanyika mamia na maelfu, zikishikwa pamoja na uzito wao, na mkusanyiko huo huitwa kundi la galaksi. Kati ya galaksi hizo si patupu. Mna gesi nyepesi kabisa, lakini yenye joto la digri milioni makumi, hata yatoa miali ya X, ile ambayo waganga huitumia kupiga picha za mifupa.

Mwaka 1959 Large, Mathewson na Haslam walilipima kundi la Coma kwa chombo kikubwa cha Jodrell Bank, inchi ya Uingereza. Wakaona kwamba mawimbi ya redio yatoka katika sehemu pana sana ya kundi hilo. Mwaka 1970 Willson, huko Cambridge, akathibitisha kwamba hayatoki katika galaksi moja moja tu. Mna kama wingu lililoenea kati yao. Kisha, pembeni mwa kundi hilo hilo, kikaonekana kipande kingine, kirefu, mbali na katikati. Vipande vya namna hii vikapatikana pembeni mwa makundi mengine pia.

Ni kitu gani basi? Wengi walijibu hivi: zamani palikuwa na galaksi iliyorusha elektroni kwa nguvu, sasa galaksi imenyamaza, na hayo ni mabaki yake. Ndiyo sababu wakayaita masalio.

Jibu hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na shida. Mawimbi hayo hutolewa na elektroni zinazokimbia karibu sawa na nuru, huku zikizungushwa na nguvu za sumaku. Kila elektroni inapotoa mawimbi, hupungukiwa nguvu, na baada ya miaka milioni mia hivi huzimika. Lakini masalio mengine ni marefu hata nuru yenyewe yahitaji miaka milioni kadhaa kuyavuka, na elektroni zilizofungwa na sumaku husambaa polepole sana. Zingezimika njiani. Sharti kuwe na kitu kinachozipa nguvu pale pale zilipo.

Mwaka 1998 Enßlin, Biermann, Klein na Kohle walitoa jibu jingine: masalio ni alama ya mawimbi ya mshtuko. Makundi mawili ya galaksi yakivutana kwa uzito, mwisho huingiliana, kwa mwendo wa kilometa elfu na zaidi kwa sekunde moja. Galaksi zenyewe hupitana bila kugusana, maana nafasi kati yao ni kubwa. Lakini gesi hugongana na gesi. Na kwa kuwa mwendo huo wapita mwendo wa sauti katika gesi hiyo, huzaliwa wimbi la mshtuko, kama lile la ndege inayopita sauti, nalo hukimbia kwenda nje. Elektroni hurudishwa huku na huku mbele na nyuma ya wimbi, kama mpira kati ya wachezaji wawili wanaokaribiana, na kila mara huongezwa mwendo. Fikra hiyo ina asili yake kwa Fermi, mwaka 1949. Krymsky, Bell na wengine waliikamilisha katika miaka ya 1977 na 1978.

Mfano ulio wazi ulipatikana mwaka 2010. Van Weeren na wenzake walionyesha, katika kundi liitwalo CIZA J2242.8+5301, salio jembamba lenye urefu wa miaka ya nuru milioni 6 na zaidi. Upande wa nje elektroni zina nguvu mpya. Kadiri mtu anavyoelekea ndani, zinaonekana zimechoka. Ndivyo ipasavyo kuwa, kama wimbi limepita likienda nje na kuziacha nyuma yake. Na upande wa pili wa kundi liko salio jingine, hafifu, la kuliitikia la kwanza.

Je, jina la masalio lilikuwa kosa tupu? Hapana. Miali ya X yaonyesha kwamba mishtuko mingi ni dhaifu, haiwezi peke yake kuziinua elektroni za gesi ya kawaida hata zitoe redio yote inayosikika. Mwaka 2017 van Weeren na wenzake waliangalia makundi Abell 3411 na 3412 yanayogongana. Wakaona mkia wa elektroni zilizorushwa na galaksi moja ukifika mpaka kwenye salio, na hapo elektroni zilizochoka zikipata nguvu tena. Basi, mahali pale, kweli yalikuwa mabaki ya zamani, lakini mshtuko umeyahuisha. Wa kwanza walikuwa na nusu ya ukweli, wa pili na nusu nyingine.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu mhubiri hujaribiwa kushika upesi neno jipya la elimu na kulifanya nguzo ya imani. Mwaka 1951 Papa Pius XII alisema mbele ya wenye elimu kwamba elimu mpya ya mwanzo wa ulimwengu yashuhudia uumbaji. Padri Georges Lemaître wa Louvain, ambaye ndiye aliyeileta fikra ya atomu ya kwanza mwaka 1931, hakupenda ifanywe hoja ya dini. Kwake, fikra ya elimu yaweza kusahihishwa kesho; imani haipaswi kutundikwa juu yake. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuacha kusali wala kupiga hesabu.

Basi, mkristo akituuliza juu ya mambo ya nyota, tumwambie yaliyothibitishwa, tumwambie pia yanayotafutwa bado, wala tusione haya. Na tusiwacheke waliokosa mbele yetu: mara nyingi nusu ya ukweli wetu ni wao waliotuachia.