Somo la Historia: Kwata Iliyogeuka Ngoma

Viongozi wa madarasa, hakikisheni kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri. Wenye daftari na kalamu, wekeni tayari, maana maswali yatakuja mwishoni.

Leo ni somo la historia. Tutazungumza habari za mwili wa binadamu: jinsi wazee wetu walivyoutia nguvu kwa mchezo, na jinsi wengi wao walivyovunjwa kwa kazi ya kulazimishwa.

Kwanza niwaeleze somo hili lilivyoanza. Siku moja nilitembelea darasa moja la Korogwe. Baada ya kusoma, mama mmoja wa makamo alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, nimepimwa presha, iko juu. Muuguzi wa zahanati ameniambia nifanye mazoezi. Sasa mimi nina wajukuu. Nitakimbia barabarani nimevaa nini? Mazoezi si kazi ya askari?"

Darasa zima likacheka. Mama mwenyewe akacheka pia, lakini niliona kwamba ana hofu moyoni. Dada yake alikuwa amepooza upande mmoja kwa ugonjwa huo huo.

Nikamjibu, "Mama, umeuliza swali la historia." Akanishangaa. Basi sikilizeni.

WATU WA MIGUU

Kabla ya reli na motakaa, bonde letu la mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, lilikuwa njia ya misafara. Watu walitoka Pangani pwani, wakaufuata mto, wakapita chini ya milima ya Usambara, wakaelekea Kilimanjaro. Mwezi wa Februari 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walisafiri katika nchi hii, wakapanda mpaka Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Walikwenda kwa miguu kama watu wengine.

Mpagazi wa misafara alichukua mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Mbele yake alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Ngoma ilipigwa na nyimbo ziliimbwa. Hayo hayakuwa mapambo tu. Mtu akisikia mdundo, mguu wake hufuata mdundo, akasahau uchovu kidogo. Watu wa msafara walijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Wanawake wawili au watatu walisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakatwanga kwa zamu bila kugongana. Walikwenda kisimani, walikwenda shambani, walikwenda kuni. Na jioni mwezi ukiwaka, ngoma ililia. Wazigua walicheza selo, na kila kabila la bonde na mlima lilikuwa na ngoma zake. Kijana asiyecheza aliulizwa kama ni mgonjwa. Hakuna aliyeyaita mambo hayo mazoezi, lakini mwili ulipata haki yake.

KWATA YA WAGENI

Katika miaka ya 1880 na 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi zetu. Wakaleta askari, na askari wakaleta kwata. Mnaijua kwata: simameni mstari mmoja, geukeni kulia, geukeni kushoto, tembeeni mguu sawa. Kwata ilikuwa na shabaha yake. Ilifanywa ili watu wengi watii sauti ya mtu mmoja. Tena iliwaogopesha waliokuwa wakitazama kando.

Vijana wa pwani walitazama. Waliona mistari iliyonyoka, wakasikia tarumbeta na ngoma kubwa. Kisha wakafanya jambo ambalo wageni hawakulitazamia. Waliichukua kwata, wakaigeuza ngoma yao wenyewe!

Ngoma hiyo iliitwa beni, kwa ajili ya bendi ya askari. Ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikateremka mpaka Tanga na Dar es Salaam. Kwetu Tanganyika vyama viwili vilivyopata sifa kuu ni Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa nguo za kupendeza, wakashika fimbo, wakapiga filimbi, wakaenda kwa mistari, wakageuka na kurudi. Walikuwa na vyeo vyao: Kingi, Jenerali, na vingine vingi. Karani mdogo ofisini, au mchukuzi wa bandarini, jioni aliweza kuwa Jenerali.

Wanawake wa pwani nao walikuwa na ngoma yao, lelemama. Hiyo haina haraka. Wachezaji husimama mstari mmoja, wakacheza kwa mikono na kiwiliwili, polepole na kwa adabu. Hata mtu mzima huiweza. Vyama vya lelemama navyo vilishindana.

Msidhani kwamba beni haikuwa na makosa. Mashindano yalizidi mara nyingine. Watu walitumia fedha nyingi kwa nguo na karamu ili kuwashinda wenzao. Lakini vyama hivyo pia vilisaidia. Mwenzao akiugua walimwangalia, na akifa walimzika. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo siri ya somo letu.

VITA NA MIZIGO

Mwaka 1914 vita kuu vilianza huko Ulaya, na moto wake ukafika kwetu. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalipita Korogwe na Handeni, yakiwafukuza Wajerumani kuelekea kusini. Pande zote mbili zilihitaji wachukuzi, na watu walikamatwa vijijini kwa nguvu. Walibeba risasi, unga na vifaa vya askari, mchana kutwa, katika mvua na matope, chakula chao kidogo na dawa hakuna. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa.

Angalieni jambo hili kwa makini. Mpagazi wa msafara wa zamani alibeba mzigo. Mchukuzi wa vita naye alibeba mzigo. Mwili ni ule ule na njia ni ile ile. Lakini wa pili alinyimwa chakula, alinyimwa pumziko, na hakuwa na ruhusa ya kusema, "Nimechoka." Kwa hiyo kutoka jasho peke yake siyo afya. Mwili hupata nguvu kwa kazi yenye kipimo, pamoja na chakula na usingizi. Kazi isiyo na kipimo huitwa sulubu, na sulubu huua.

Hata hivyo, watu hao hao waliochoshwa na vita walicheza. Askari na wachukuzi waliieneza beni barani, kambi kwa kambi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, waliorudi makwao walikwenda nayo. Ilifika mbali sana, hata nchi ya Nyasa, ambayo leo inaitwa Malawi.

JUMAPILI KATIKA MKONGE

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1893 mambo mawili yalitokea Tanga. La kwanza, Wajerumani walianza kujenga reli, na mwaka 1902 ilifika Korogwe. La pili, Daktari Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba mnayoyaona mpaka leo.

Mkonge ulitaka watu. Wakati wa Waingereza kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya kazi. Sharti atimize siku 30 za kazi katika muda wa siku 42. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandika vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Iringa na hata Ruanda-Urundi. Waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba.

Mkata mkonge huinama, hukata jani, huondoa mwiba, hufunga mafungu, hubeba mpaka kwenye reli ya troli. Kesho tena, na kesho kutwa. Kama kuchoka kungekuwa ndiyo afya, mkata mkonge angeishi kuliko watu wote duniani.

Lakini Jumapili ilipofika, kambi zilijaa ngoma. Waha walicheza yao, Wangoni yao, Wabena yao. Nilipokuwa mtoto niliuliza, "Watu waliochoka hivyo wanachezaje tena?" Mzee mmoja aliyekuwa mkata mkonge alinijibu, "Mwanangu, siku sita mwili wangu ulikuwa wa bwana shamba. Jumapili nilikuwa naurudisha kwangu."

SIRI MBILI

Ndugu wanafunzi, historia hii inatupa siri mbili. Siri ya kwanza ni furaha. Mtu huliacha upesi jambo analolifanya kwa hofu, lakini jambo analolipenda hulirudia. Siri ya pili ni wenzio. Mchezaji wa beni hakukosa kufika, kwa sababu mstari wake ungebaki na pengo. Walikuwa wakimngoja. Ndiyo maana nilisema tukumbuke vile vyama.

Na leo je? Mashine inasaga unga, na kinu kinakaa bure. Pikipiki inatupeleka sokoni hata mahali pa dakika kumi. Sisemi haya ni mabaya. Nani atamrudisha mama kwenye mchi kutwa nzima? Nasema tu kwamba kazi ya miguu imeondoka, na hatukuweka kitu mahali pake. Presha na kisukari vimepata nafasi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Gawanyeni: ni nusu saa kwa siku tano. Kipimo chake ni rahisi. Moyo uende mbio kidogo. Uweze kuzungumza, lakini kuimba kukushinde. Mwezi wa Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Huo ni mwanzo mwema, lakini mwili hauli chakula mara moja kwa mwezi, wala hautoshwi na mchezo wa mara moja kwa mwezi.

Mnaweza kufanya nini bila kununua kitu? Chezeni ngoma za kwenu. Chezeni rede, mchezo wa mpira wa matambara mliouchezea shuleni. Hata mwenye miaka 50 ataruka akirushiwa mpira! Wazee wacheze taratibu kwa mtindo wa lelemama. Na tembeeni, wala msione haya. Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais mwenye umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kutembea si alama ya umaskini.

Neno moja la hadhari. Aliye mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu anacheza ngoma. Aulize zahanati kwanza, aanze kidogo kidogo, na kifua kikiuma aache mara moja.

Yule mama wa Korogwe je? Wiki ile ile wanawake wa darasa lake walipatana kufika nusu saa kabla ya somo. Mmoja alileta ngoma, mwingine debe. Siku ya kwanza mama yetu alichoka upesi, akaketi kwenye ngazi. Wenzake hawakumcheka. Walipunguza mdundo, wakamngoja, akainuka. Niliporudi mwezi uliofuata, nilimkuta yeye ndiye anayepiga filimbi. Akaniambia, "Mwalimu, sasa mimi ni Jenerali."

MANENO YA KUJIFUNZA

Kirangozi: kiongozi wa msafara.
Kwata: mazoezi ya askari ya kutembea na kugeuka pamoja.
Sulubu: kazi ngumu isiyo na kipimo.
Kipande: kadi ya kuhesabia siku za kazi.
Manamba: vibarua walioandikwa kwa namba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Beni ilipata wapi jina lake, na ilianza miji gani?
2. Mpagazi wa msafara na mchukuzi wa vita walitofautiana namna gani?
3. Miche ya mkonge iliyokufa njiani mwaka 1893 ilikuwa mingapi?
4. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: walicheza ngoma gani ujanani? Nani anaweza kuifundisha?
5. Darasa lenu litaweka saa ngapi na siku zipi za kucheza? Andikeni ubaoni, kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake.

Basi, ndugu wasikilizaji, somo la leo limekwisha. Sasa fungeni redio, simameni, mjinyoshe kabla hamjaanza maswali. Kwaherini.