Nyota Zilizovuliwa Vazi

Warongo, wahunzi wa kale wa pande za Biharamulo, walipima moto kwa rangi: chuma chekundu kina moto mdogo, cheupe kina moto mkubwa. Nyota nazo ni vivyo hivyo. Zenye rangi ya buluu hushinda zote. Mwaka 1947 Humason na Zwicky, huko Marekani, walitangaza nyota hafifu za buluu. Baadhi yake ni vibete vya moto, vyenye joto lipitalo digrii 20,000, hali uso wa jua haufiki 6,000. Vyatoka wapi? Nyota ikizeeka huvimba. Mara nyingi nyota mwenziwe huipokonya vazi la hidrojeni, kikabaki kiini cha heliamu kikiwaka. Mwaka 1997 wataalamu wa Sutherland, Afrika Kusini, walieleza kibete ambacho nuru yake yapwita kila dakika mbili na kitu. Nacho hupita katika anga la Ngara, ila hatukioni pasipo darubini. Basi tusiidharau elimu ya wahunzi wetu: kwa rangi hiyo hiyo nyota hupimwa.