Nguruwe mwitu wa Kwale

Nguruwe mwitu (Potamochoerus larvatus) ni mnyama wa familia ya Suidae anayeishi katika misitu, vichaka na mabonde yenye maji ya Afrika ya mashariki na kusini, pamoja na Madagaska. Katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, hupatikana Shimba Hills na katika mabaki ya misitu yanayoelekea Msambweni. Wakulima humweka kundi moja na tembo, nyani na tumbili katika wanyama wanaoharibu mazao. Hata hivyo ni mwenyeji wa misitu hii, wala si mgeni aliyeletwa.

Utambulisho

Neno "nguruwe" hutumika kwa wanyama kadhaa, na kuwachanganya huleta makosa katika kinga. Nguruwe mwitu wa Kwale ana manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi au kijivu, singa mgongoni, masikio yenye ncha na uso ambao mara nyingi ni mweupe kuliko mwili. Mkubwa huwa na uzito wa kilo 50 hadi 120. Watoto huzaliwa na mistari myeupe inayofifia wanapokua.

Ngiri (Phacochoerus africanus) ni jamaa yake wa mbugani. Hutembea mchana, hupiga magoti anapolisha, na hukimbia mkia ukiwa wima. Nguruwe wa kufugwa (Sus scrofa) ni jenasi nyingine kabisa, yenye asili ya Ulaya na Asia. Huyu akitoroka zizini na kuzaana porini ndiye anayestahili kuitwa nguruwe koko, na ndiye aliyeenea kama janga Marekani na Australia.

Tabia

Nguruwe mwitu hutembea kwa vikundi vidogo: dume, majike na watoto wao. Mchana hulala kwenye vichaka vizito, na giza likiingia hutoka kulisha. Hula mizizi, viazi vya porini, matunda yaliyoanguka, wadudu, mayai na hata mizoga. Pua yake ngumu hufukua udongo kama jembe. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi minne, na kwa kawaida huzaa watoto watatu au wanne, wakati mwingine zaidi. Ana uwezo mkubwa wa kunusa, na hujifunza haraka mahali penye hatari na mahali penye chakula.

Mashamba yaliyopakana na msitu

Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, na ndiyo makao ya palahala pekee waliobaki Kenya. Kusini yake kuna misitu midogo ya Gogoni, Buda, Marenje na Mrima, pamoja na makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo ya makaya matakatifu ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Misitu hii leo imezungukwa na mashamba, barabara, nyumba na hoteli. Mahali ambapo zamani msitu uliungana na msitu, sasa kuna mihogo na mahindi. Nguruwe anayevuka usiku kutoka kichaka kimoja kwenda kingine hukutana na shamba njiani.

Madhara kwa kilimo

Muhogo ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa hukaa ardhini miezi mingi ukisubiri kuchimbwa. Nguruwe hufuata tuta, akafukua mashina na kula mizizi. Viazi vitamu humkuta vivyo hivyo. Mahindi huharibiwa mara mbili: mbegu hufukuliwa baada ya kupandwa, kisha mabua huangushwa hindi linapoanza kukomaa. Minazi michanga hung'olewa kabla haijashika mizizi, na kwa familia inayotegemea mnazi hasara hiyo ni ya miaka mingi.

Hasara nyingine haionekani shambani. Msimu wa mavuno familia hulala kwenye dungu, zikipiga debe na kuwasha moto. Usingizi wa mama, masomo ya mtoto na afya ya mzee hulipia gunia moja la mahindi. Kazi hii ya kulinda inastahili kuhesabiwa kila tunapozungumzia gharama ya kuishi na wanyamapori.

Nafasi yake msituni

Kwa kufukua, nguruwe mwitu hupindua udongo na kutawanya baadhi ya mbegu, ingawa huharibu nyingine. Yeye pia ni windo la chui. Pale chui anapomalizwa, kizuizi kimoja cha asili huondoka. Hatari kubwa zaidi kwa wanyamapori wengine huja na njia za kumkomesha: sumu inayotegwa kwa ajili yake huua fisi, ndege na mbwa, na tanzi la waya halichagui shingo ya nguruwe wala mguu wa paa.

Maradhi

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, kutokana na milipuko iliyotokea Kenya. Ngiri na kupe laini hubeba virusi vyake, na nguruwe mwitu huweza kuambukizwa bila kuugua, ilhali nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi. Binadamu haambukizwi. Ili kuzuia maambukizi, wafugaji wachache wa nguruwe katika Kwale wanapaswa kuwafungia mifugo yao. Zizi lililofungwa huwaweka mbali na wanyama wa porini, na pia huzuia nguruwe koko kuzaliwa.

Mfano wa visiwa

Pemba inaonyesha jinsi nguruwe koko wanavyodumu. Katika msitu wa Ngezi wamo nguruwe wanaosemekana kutokana na wale walioletwa na Wareno. Wakazi wengi ni Waislamu, na nyama hiyo ni haramu kwao, kwa hiyo hawakuwindwa kwa kitoweo. Unguja, wasasi walitoka pamoja na mbwa kuwasaka nguruwe mwitu ili kuokoa mashamba. Huko Kwale, Wadigo wengi pia ni Waislamu. Kwao nguruwe ni hasara tupu, hata akiuawa.

Sheria na kinga

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliunda kamati za kaunti zinazoshughulikia pia madai ya fidia. Mkulima hatakiwi kujichukulia hatua ya kuua, bali kutoa taarifa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS).

Ua wa umeme uliowekwa dhidi ya tembo hauwezi kutegemewa kumzuia mnyama mfupi anayefukua chini yake. Kinga inayofaa zaidi ni ile ya karibu na mmea: boma la miti iliyosongamana au wavu uliozikwa chini, kufyeka kichaka kinachogusa shamba, kuvuna kwa wakati, kupanda mihogo karibu na nyumba na mazao yasiyovutia pembezoni, na majirani kulinda kwa zamu. Shamba moja likilindwa peke yake, nguruwe huhamia la jirani.

Kwa nguruwe koko, dawa ni kumwondoa kabla hajaenea. Kwa nguruwe mwitu wa Kwale, dawa ni kumzuia shambani na kumwachia msitu wake. Mkulima wa Msambweni atanufaika na yote mawili pindi maofisa watakapomsikiliza, na watakapotambua ni nguruwe yupi anayemsema.